Malaria Yangu Imepona ku Ndoa ya Bengine

Leo nimepata haya. Haiko haya kidogo, ni ile ya kutafuta njia ingine ya kurudilia ku nyumba juu usikutane na bantu. Naandika hii niko mu chumba, mulango nimefunga, na mama eko inje anacheka na bajirani. Anacheka nani? Musiniulize.

Mwenye hanijue: naitwa Constant, napiga basse, ile gitaa ya sauti nzito, mu orchestre yetu ya hapa Kasungami. Orchestre ni neno kubwa, tuko bane tu. Mukubwa wetu ni Ya Delphin (Ya, ni kusema kaka), anaimba na anapiga gitaa ya solo. Lakini mujue kintu kimoja: ile gitaa ya basse ni yangu, na ampli yake, ile sanduku ya kukuza sauti, ni yangu pia. Niliileta toka Mokambo, ku mupaka, na nusu ya njia niliibeba ku mugongo (mugongo haijanisamehe mpaka leo). Ni sanduku nzito, ya kisirani. Fasi ya kuingiza fiche ya câble (ile kichwa ya waya) imelegea, na kama haujue kuishika vile inapenda, inakufa. Miye peke njo najua. Basi mu kichwa yangu nilikuwa najiambia: mwenye byombo njo mwenye orchestre.

Jana ku répétition, mazoezi ya ndoa yenye tulipaswa kupigia leo, Ya Delphin alisimamisha wimbo katikati.

"Constant, unachelewa. Shiye tumefika, weye njo unatoka ku nyumba."

Mbele ya benzangu. Nilijibu ni kosa ya kamba, ziko juu sana, bidole binauma. Akasema kila siku ni kamba, kila siku ni bidole. Benzangu bakacheka. Sikulala muzuri.

Leo asubuhi, siku yenyewe ya ndoa, nikamupigia telefone. Nikatoa sauti ya mugonjwa (nilifanya mazoezi kwanza mbele ya kioo).

"Ya Delphin, niko na malaria. Siwezi ata kuinuka."

"Pole sana, mudogo yangu. Lala."

Akakata. Nikangoja apige tena, anibembeleze. Orchestre bila basse iko nini? Na bila ampli? Nilitaka kintu kimoja tu: akuye mpaka pa mulango yetu, mbele ya bale benye balinicheka, aniombe nirudi pa fasi yangu. Sikutaka ingine.

Nikatoka kwenda kungojea kwa rafiki yangu, juu akikuya mapema asinikute nimesimama nakula mikate. (Ndiyo, nilikuwa nakula. Ile malaria ilikuwa na njaa.) Kurudi, naangalia fasi ya ampli: vumbi tu.

"Mama, ampli iko wapi?"

"Benzako bamekuya na kigari ya pousse-pousse. Bamebeba na gitaa. Bamesema unajua."

"Na weye ukabapa?"

"Sasa ningefanya aje? Leo si kuko ndoa? Tena kuya unifunge hii kitambaa, nachelewa."

Mama pia alikuwa amealikwa. Quartier muzima, bajirani bote, ilialikwa. Nikamufunga kitambaa na kasirani.

Nikaamua kwenda, kuangalia vile bataanguka. Nikavaa koti na kofia, na hii joto yote. Nikasimama nyuma ya nguzo ya tente, karibu na basufuria. Mama mumoja wa jikoni akanionea huruma, akanipa sahani ya kuku. Pale njo Ya Delphin alishika mikro.

"Bandugu, bassiste wetu Constant ni mugonjwa sana leo. Tumuombee kidogo."

Bantu bakainamisha kichwa. Ata miye nikainamisha. (Ningefanya aje?)

Kuinua kichwa, naona kijana mumoja ameshika basse yangu. Mwanafunzi wa université, alitoka Kasapa, miwani ku macho, shati imepigwa pasi. Kabla ya kuanza akatoa kafunguo kadogo mu mufuko, akainamia gitaa, akazungusha tuvisi, tule tuskrubu tudogo twa pale chini, fasi kamba zinalalia. Kidogo hapa, kidogo pale. Kamba zikashuka. Miaka yote nilikuwa nakamata zile kamba kwa nguvu, bidole binatoka malengelenge, na nilikuwa naambia bantu basse ni kazi ya banaume. Kumbe ilikuwa tuvisi.

Akaanza kupiga. Sitadanganya, nilitaka akosee. Hakukosea. Bamama bote bakainuka kucheza. Ile gitaa ilikuwa inatoa sauti yenye haijanitolea miye ata siku moja, na iliniuma kabisa, mpaka kuku ikanishinda kumeza. (Kisha nikaimeza.)

Halafu bibi-arusi na bwana yake bakaanza kuingia, na ile hatua ya pole pole, batelefone yote juu inakamata picha. Ampli ikakufa. Basse kimya. Mu roho nikasema asante Mungu (ku ndoa ya bantu, ndiyo). Mwanafunzi anatikisa câble, hakuna kintu. Ya Delphin anapiga ampli teke, hakuna kintu. Bibi-arusi amesimama na muguu moja mbele, hajue kama aendelee ao arudi. Nikasema: leo batanikumbuka. Na kweli nilikumbukwa.

Mama alisimama katikati ya bamama.

"Constant! Toka ku ile nguzo, enda utengeneze ampli yako. Utaacha benzako bapate haya?"

Tente muzima ikageuka kuniangalia. Kofia, koti, jasho, na paja ya kuku ku mukono. Mwenye kuongoza fête, muntu hana huruma, akakamata mikro.

"Bandugu, maombi yetu imesikiwa. Mugonjwa ameamuka, na anakula!"

Bakapiga makofi. Tantine mumoja, shangazi ya bengine, miye simujue, alipiga bigelegele. Nafikiri yeye aliamini kweli.

Nikatembea mpaka mbele. Ya Delphin akanisogelea ku sikio: "Mama yako alituambia toka asubuhi, hauna ata mafua." Hakukasirika. Njo iliniumiza zaidi, hakukasirika ata kidogo.

Nikachuchumaa nyuma ya ampli, nikashika fiche, nikaisukuma kushoto vile inapenda. Basse ikarudi. Nikaachilia, ikakufa. Nikashika, ikarudi. Basi nikanyoosha mukono ingine kwa mwanafunzi, anipe gitaa yangu. Nimefika, si njo vile? Yeye ashike fiche, miye nipige.

"Hapana," Ya Delphin alisema pole pole. "Shika ivyo ivyo. Usitikisike."

Nikashika. Bibi-arusi akaingia, keki ikakatwa, zawadi ikaletwa, bamama-mukwe bakacheza, miye niko pale chini. Muguu imekufa ganzi, uso iko ku mbao ya ampli, basse yangu inanitetemesha mbavu, na mwingine njo anaipiga. Mupiga picha alikuya mpaka nyuma kunikamata muzuri. Aliniambia nicheke.

Ku mwisho mwanafunzi alinishukuru, na adabu yote: "Merci, grand frère. Basse yako iko muzuri sana, ilikuwa inaomba tu kurekebishwa." Ningependa anitukane.

Tulirudi na Ya Delphin tunasukuma pousse-pousse. Njia yote nilikuwa napanga maneno. Nitamuambia ampli haitatoka tena mu nyumba yetu. Nitamuambia atafute sanduku yake, na kijana wake, na wimbo wake. Nilikuwa nayo yote tayari, na nilipenda sana vile ilikuwa inasikika mu kichwa.

Pa mulango akashusha ampli, akapangusa jasho.

"Constant, samedi ya juma ingine tuko na ndoa. Kijana atapiga. Weye utashika."

Nikamuuliza: "Saa ngapi?"