Marehemu Madirisha Saba

"Inatangazwa kwa wakazi wote wa Bottlebrush, wapya kwa wa zamani, kwamba kuanzia leo hakuna dirisha la mbao la enzi za kale litakalofunguliwa, kufungwa, kupakwa mafuta, wala kutazamwa kwa nia ya kulitengeneza, bila kibali cha Idara ya Urithi wa Madirisha."

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye mlango wa ukumbi wa zamani wa mtaa wa Bottlebrush na Clifford Mwiti, Afisa Msaidizi wa Madirisha (kwa Majaribio). Alilibandika, akarudi nyuma hatua mbili, akaliona limepinda upande wa kushoto, akalibandua, akalibandika tena. Ilikuwa Februari, Sydney nzima inachemka, na Mwiti alikuwa amevaa tai. Tangu atoke Meru alikuwa amefanya kazi nyingi, lakini hii ndiyo ya kwanza iliyompa kitambulisho chenye kamba ya shingoni, na miezi yake sita ya majaribio ilikuwa inaisha baada ya wiki mbili.

Madirisha yenyewe ni yale ya kupandisha. Fremu mbili za vioo, moja juu na moja chini, zinaning'inia kwa kamba. Kamba inapita kwenye roda, kigurudumu kilicho juu ya fremu, na upande wa pili, ndani ya ukuta asikoona mtu, kuna chuma kizito kinachovuta. Dirisha likiwa zima, unalipandisha kwa kidole. Ya ukumbi huo yalikuwa saba na hakuna lililopanda. Miaka kadhaa nyuma halmashauri iliamua kuyatunza, ikaleta rangi nyeupe, ikapaka fremu, roda, kamba, ukingo wa vioo na nzi mmoja ambaye mpaka leo yumo.

Idara ilikuwa na rekodi nzuri mno. Tangu iundwe hakuna dirisha hata moja lililoharibiwa na fundi, kwa sababu hakuna fundi aliyeruhusiwa kuligusa. Muda wa kusubiri kibali ulikuwa miezi kumi na minne, na Mkurugenzi Douglas alipenda kuwakumbusha watu kwamba muda huo haujawahi kushuka.

Tatizo lilikuwa harusi. Clarisse, binti wa Mama Honorine, alikuwa anaolewa katika ukumbi huo Jumamosi ya wiki iliyofuata, na msimamizi wake alikuwa nesi mwenzake wa hospitalini, Kawira, mke wa Mwiti, mwenye mimba ya miezi saba. Mwaka uliopita, kwenye sherehe ya ubatizo humo humo, wageni wawili walizimia na keki ya ghorofa tatu ikaanguka ikawa ya ghorofa moja.

"Cliff, hiyo hall ni oven," Kawira alimwambia wakinywa chai nyumbani kwao Rooty Hill. "Mimi na huyu mtoto tutasimama huko masaa matano, forty degrees. Fungua hayo madirisha."

"Kuna process, Kawira."

"Process ndiyo itanipepea?"

Mwiti alifikiria swali hilo kwa uzito unaostahili, akaona sera haikuwa imeligusia.

Siku iliyofuata Mama Honorine alifika kwenye kaunta ya Idara akiwa na Balagizi. Honorine alikuwa akitunza wazee kwa kazi, na alikuwa na namna ya kumtazama mtu mpaka akajikuta anakaa vizuri kwenye kiti. Balagizi alikuwa fundi seremala wa Bukavu, aliyekulia kwenye kazi ya kutengeneza madirisha ya nyumba zilizoachwa na Wabelgiji. Hapa alikuwa anaendesha mashine ya kunyanyua mizigo kwenye ghala la Wetherill Park, lakini mfukoni bado alitembea na kisu chembamba cha kazi yake. Mwiti ndiye aliyewahudumia, kwa kuwa katika halmashauri nzima yeye peke yake alikuwa na beji ya kuzungumza Kiswahili.

Fomu ilikuwa na kurasa thelathini na moja. Swali la tisa liliuliza hali ya dirisha kwa sasa.

"Bon, chef, andika: ilikufa," alisema Balagizi, ambaye kwake kila mtu wa nyuma ya kaunta ni chef, yaani bosi.

"Imekufa? Gani?"

"Yote saba. Kamba ilikufa, roda ilikufa. Tangu council ilete ile peinture nyeupe, hakuna hata moja iko inapumua."

Sasa, kutoka Bukavu mpaka Meru kila mtu anajua kwamba gari hufa, simu hufa, friji hufa, na hakuna anayeitisha kasisi. Mwiti alilijua hilo vizuri. Lakini mwongozo wa wakalimani, kifungu cha nne, ulisema mkalimani hataongeza wala kupunguza neno, na Mwiti alikuwa kwenye majaribio. Akaandika, kwa Kiingereza safi cha ofisi, kwamba madirisha yalikuwa marehemu.

Kompyuta ilisita, kisha ikauliza ni wangapi. Saba. Chanzo cha kifo? Mwiti akaandika: rangi ya halmashauri. Jina la mfiwa mkuu? Mama Honorine akalitaja jina lake herufi kwa herufi bila kushtuka. Alikuwa amejaza fomu za ofisi nyingi katika nchi nne, na hii haikuwa ya ajabu kuliko nyingine.

Ombi likatoka Idara ya Madirisha, likashuka ghorofa mbili hadi Idara ya Makaburi. Makaburi haina foleni, kwa kuwa wateja wake huharibika. Dakika kumi na nne baadaye Mama Honorine, akiwa bado anatafuta miwani yake kwenye mkoba, alikabidhiwa shada la maua na barua.

Mwiti aliisoma kwa sauti. "Halmashauri inakupa pole kwa kuondokewa na wapendwa wako saba. Kwa mujibu wa Sera ya Maombolezo ya Tamaduni Zote, familia ina haki ya kuwachukua marehemu, kuwaosha, kuwavika upya na kuwarudisha mahali pao pa kupumzikia ndani ya siku saba, bila kuingiliwa na afisa yeyote."

Chini kulikuwa na sahihi ya Mkurugenzi Douglas, aliyesimamia idara zote mbili. Sera hiyo aliitunga mwenyewe na ilimpatia tuzo ya kioo iliyokaa mezani kwake. Barua hakuisoma. Douglas alikuwa na msimamo kwamba kusoma kunachelewesha kusaini.

Mwiti alijua kuna kosa, na alijua fomu ya kurekebisha kosa ipo. Ilikuwa inachukua miezi kumi na minne. Akaifikiria miguu ya Kawira iliyovimba, akainuka, akafunga kifungo cha koti.

"Mama Honorine," alisema, "pole sana na msiba."

Honorine alimtazama yeye, akaitazama barua, akalitazama shada. "Asante, chef," alisema taratibu. "Basi tutawaosha."

Kazi ilianza jioni ile ile Balagizi alipotoka ghalani. Alipitisha kisu kwenye mstari wa rangi, polepole, akang'oa vipande vya pembeni, akazitoa fremu moja moja na kuzilaza juu ya meza zilizotandikwa vitenge. Kina mama wa kwaya ya kanisa lao waliziosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kama barua ilivyoelekeza, na kwa kuwa walikuwa kwaya, waliimba. Rangi ilikwanguliwa mpaka mbao nyekundu zikatokea. Vioo vilivyolegea vikapata puti mpya ya kuvishika. Kwenye kila ubavu wa dirisha Balagizi alifungua kimlango kidogo ambacho Mwiti, mwenye vyeti viwili vya madirisha, hakuwahi kujua kipo, akatoa vile vyuma, akavifunga kamba mpya, akapaka njia za fremu nta ya mishumaa ya kanisani.

Afisa haruhusiwi kuingilia wafiwa, lakini hakuna kifungu kinachomkataza kutoa rambirambi. Mwiti alikwenda kuzitoa kila siku baada ya kazi. Siku ya kwanza alisimama mlangoni. Siku ya pili alikaa. Siku ya tatu tai haikuwepo, na siku ya nne mtu alimpa msasa ashike kidogo, naye hakumrudishia mwenyewe.

"Kuja hapa, chef," Balagizi alimwita siku ya tano. "Sukuma. Kidole moja."

Mwiti alisukuma. Dirisha likapanda kama halina uzito, na ndani ya ukuta kile chuma kikashuka kikigonga kidogo. Upepo uliokuwa ukisubiri nje miaka yote hiyo ukaingia, ukampiga usoni. Machozi yalimtoka Mwiti. Alikuwa amefurahi kupita alivyofurahi siku ya kupewa kitambulisho, na aliandika kwenye daftari lake kwamba ukumbini kulikuwa na vumbi.

Jumamosi joto lilifika nyuzi arobaini na moja, na harusi ikafana. Madirisha yote saba yalikuwa wazi, vitenge vinapepea, Kawira akacheza na mimba yake mpaka watu wakamwomba apumzike. Keki ilibaki ghorofa tatu. Wakati wa hotuba alisimama mgeni rasmi, Mkurugenzi Douglas, kwani jumuiya hiyo haijawahi kufanya sherehe bila kumwalika mtu wa halmashauri. Alifungua mdomo kusalimia, akahisi hewa shingoni. Hakuwahi kuhisi kitu kama hicho ndani ya jengo lililo chini ya ulinzi wake. Alisalimia haraka na kumvuta Mwiti pembeni.

"Nani ameyafungua?"

"Wafiwa, Mkurugenzi."

"Nataka Jumatatu yawe kama yalivyokuwa."

"Yalikuwa yamekufa," Mwiti alisema kwa adabu. "Kuyarudisha ni kuyaua. Nimetafuta kote, na fomu ya kuua hatuna. Faili linasema chanzo cha kifo ni rangi, na amri ya kupaka rangi ina sahihi yako. Tukilifungua upya, litakwenda kwa mchunguzi wa vifo."

Douglas alifikiri, akarudi kukaa, akaomba aongezewe kuku. Lakini wakati wa kuondoka alimkumbusha Mwiti, kwa tabasamu, kwamba majaribio yake yanaisha Jumatatu.

Jumatatu joto lilikuwa nyuzi arobaini na mbili, na mitambo ya kupoza hewa ya halmashauri ikazimika saa nne asubuhi. Mwiti aliitwa ofisini kwa Mkurugenzi kupokea barua ya kuachishwa. Mtoto alikuwa njiani, na kitambulisho kilikuwa bado shingoni. Douglas alijaribu kumkabidhi ile barua, lakini ilikuwa imemganda kwenye kiganja kwa jasho. Nyuma yake lilisimama dirisha zuri la kupandisha, lililopakwa rangi nyeupe kuanzia juu mpaka chini.

"Kwanza lifungue hilo," alisema Douglas akihema. "Mwite yule fundi aliyefungua ya ukumbini."

"Nimeshampigia, Mkurugenzi. Anauliza kibali."

Mwiti akafungua rejista. Katika ripoti ya mwaka Douglas alikuwa ameandika kwa mkono wake kwamba dirisha la ofisi yake ni hai na lina afya njema. Madirisha hai yalikuwa na foleni ya miezi kumi na minne.

"Basi andika limekufa!"

"Wewe ndiye unayesema hivyo?"

"Mimi! Limekufa! Andika!"

Mwiti akaandika bila kuongeza wala kupunguza neno. Mfiwa mkuu? Douglas akalitaja jina lake herufi kwa herufi, huku akijipepea na ile barua. Chanzo cha kifo? Rangi ya halmashauri. Dakika kumi na nne baadaye shada lilipanda kutoka Makaburi pamoja na walinzi wawili wapole. Sera ile ile ya Maombolezo ilimpa mfiwa aliye mtumishi wa halmashauri likizo ya lazima ya siku saba nyumbani kwake kuanzia muda huo, kwa kuwa mtunzi wake aliamini kwamba mtu mwenye huzuni hapaswi kufanya maamuzi. Nafasi yake ingeshikwa na afisa aliyeripoti kifo.

Kaimu Mkurugenzi Mwiti aliketi. Faili la kwanza mezani lilikuwa la mtu anayeitwa Clifford Mwiti, aliyekuwa kwenye majaribio. Ili kuepuka upendeleo alilisoma akiwa amesimama, akaona kijana ana bidii ingawa rambirambi zake zimezidi kidogo, akamthibitisha kazini. Kisha akamwambia Balagizi apande na kisu chake.

Habari za msiba zilimfikia Mama Honorine Jumanne. Hakuuliza mengi. Mtu akifiwa, unakwenda. Kufika saa nane mchana kina mama kumi na wawili wa kwaya walikuwa kwenye kibaraza cha Douglas wakiwa na vitenge, viti vya plastiki, sufuria mbili za sombe ya majani ya muhogo na moja ya maharage, tayari wameanza wimbo wa pili. Majirani walitoka nje. Mmoja alivua kofia.

Douglas alifungua mlango akiwa na kaptula. Kwa bahati Kaimu Mkurugenzi alikuwepo, na beji yake.

"Waambie waondoke!" alisema Douglas. "Hakuna aliyekufa hapa. Ni dirisha! Dirisha moja tu!"

Mwiti akatafsiri.

Honorine alitua sufuria, akaufuta mkono kwenye kitenge, akaushika mkono wa Mkurugenzi kwa mikono yake yote miwili. Alimtazama mpaka akajikuta anasimama wima.

"Pole sana, Papa. Ukaze roho," alisema. "Wewe ulipoteza moja tu. Sisi tulipoteza saba."

Na Mwiti akamtafsiria, neno kwa neno.