Muhuri Uko Mfukoni Mwangu

Jumanne, 4 Machi
Nimejiuzulu. Safi kabisa! Mara ya tano katika miaka sita ya uenyekiti wa kijiji, na nadhani hii ndiyo barua yangu nzuri kuliko zote. Nimeandika "kwa moyo mzito" mara mbili. Sababu: baraza linataka bomba jipya la maji likae zahanati. Mimi nataka likae mbele ya nyumba yangu, mahali pa heshima, tena pana kivuli. Nikaiweka barua mezani, nikatoka taratibu, taratibu sana, ili wapate nafasi ya kunikimbilia. Mara nne zilizopita walinidaka kabla sijafika mlangoni. Leo nimefika hadi nyumbani. Bila shaka wanaandaa ujumbe mkubwa. Nimemwambia mke wangu aweke chai ya watu wanane.

Jumatano, 5 Machi
Hakuja mtu. Chai ya watu wanane tumeinywa wawili. Mchana katibu wa baraza akapita na baiskeli, akanipa pole bila kushuka. Kumbe makamu wangu, Fundi Cherehani, aliisoma barua, akasema imepokelewa, akanishukuru kwa utumishi wangu, wakaenda ajenda ya pili na kulipitisha bomba la zahanati. Dakika mbili! Sasa yeye ndiye anayekaimu. Na mimi ndiye niliyempigia debe awe makamu, kwa sababu ni mama asiyependa maneno mengi. Nimeumia. Nasema kweli, nimeumia. Mke wangu akauliza kama nilitaka kuondoka au sikutaka. Nikamwambia mambo ya utawala ni mazito. Akachukua ndoo zake akaenda kisimani.

Ijumaa, 7 Machi
Mwanga! Shemeji amekuja, kaka yake mke wangu. Alikuwa tarishi wa mahakama miaka kumi na tisa, sheria imemwingia kwa masikio. Kasema kanuni za kijiji, kifungu cha tisa, ziko wazi: barua ya mwenyekiti isiyo na muhuri haina nguvu. Akauliza muhuri uko wapi. Nikapapasa mfuko wa shati. Upo! Siku ile niliondoka nao kwa bahati mbaya. Karibu kwa bahati mbaya. Basi barua haina muhuri, basi sikujiuzulu, basi Fundi Cherehani amekalia kiti chenye mwenyewe. Twende mahakamani! Nimecheka mpaka mke wangu akatoka jikoni kuangalia kuna nini.

Jumatatu, 10 Machi
Nimempelekea Fundi Cherehani ujumbe kwamba mahakama inataka barua yenyewe, si nakala. Nilitarajia ataificha, nimshtaki na kwa hilo pia. Ameileta mwenyewe ndani ya bahasha! Halafu akaona kifungo cha shati langu kimelegea, akatoa sindano akakishona palepale mlangoni. Ujanja huo! Kasema hana ugomvi na mimi, mahakama iamue, ila mabomba yameshafika na mafundi hawatasubiri milele. Nilikuwa nimebana pumzi, maana muhuri ulikuwa kwenye mfuko uleule, vidole viwili kutoka kwenye sindano yake.

Jumanne, 11 Machi
Kazi ya ofisi ina raha yake. Shemeji kanionya kwamba karatasi yoyote ya mwenyekiti halali lazima iwe na muhuri, la sivyo mahakama itaitupa. Nikazipanga mezani: hati ya madai, kiapo, kanuni za kijiji, vielelezo vyote. Nikaweka tarehe ya leo kwenye muhuri. Pah! Pah! Pah! Wiki nzima mkono ulikuwa unaniwasha. Nimepiga mbele na nyuma, hata bahasha. Shemeji akapitia moja moja, akasema hakuna iliyoachwa. Tumepeana mikono.

Alhamisi, 13 Machi
Mahakamani. Hakimu ni mama wa miwani na sauti ndogo. Nikaeleza mara tatu kwamba barua isiyo na muhuri ni karatasi ya kufungia vitunguu. Akakubali, akaandika. Nikamtazama Fundi Cherehani kwa huruma. Kisha hakimu akaiinua barua yangu ya kujiuzulu, akauliza huu ni muhuri gani. Nikasema ndio wenyewe, Mheshimiwa, kijiji kina mmoja tu. Akauliza nani anautunza. Nikasema mimi, tena hautoki mfukoni. Nilikuwa ninauchomoa nimwonyeshe ndipo nikaelewa. Jasho!
Hukumu: tarehe nne barua haikuwa na nguvu. Nimeshinda! Ikapata nguvu tarehe kumi na moja, nilipoipiga muhuri kwa mkono wangu. Nimeshindwa. Kwa hiyo siku saba zile nilikuwa mwenyekiti halali, na uamuzi wa bomba la zahanati hausimami mpaka niuidhinishe mimi, mwenyekiti wa siku zile. Nikikataa, waanze upya, na mafundi wataondoka na mabomba yao. Shemeji anasema hii ni sare.

Ijumaa, 14 Machi
Ujumbe umekuja! Fundi Cherehani, katibu, wajumbe wote, hadi nesi wa zahanati. Wananibembeleza! Nilikuwa na hotuba ya kukataa, kurasa nne. Nikafika ukurasa wa pili, nesi akaomba radhi, akasema akina mama wanaokuja kujifungua hubeba maji yao wenyewe kwenye madumu. Sikujua. Miaka sita mwenyekiti, na sikujua. Nimeona aibu kweli. Hapo mke wangu akapita katikati ya wageni na ndoo kichwani, akaitua, akanitazama. Nikapiga muhuri. Pah. Halafu nikamkabidhi Fundi Cherehani muhuri wenyewe. Mfuko umekuwa mwepesi mno.

Jumamosi, 22 Machi
Maji yametoka! Nimelia kidogo, nikasingizia maji ya bomba yamenirukia. Mke wangu akanawa uso, akacheka kama alivyocheka siku ya harusi yetu. Na Fundi Cherehani, Mungu ambariki, akatangaza mbele ya watu wote kwamba mwenyekiti wa kamati ya bomba ni mimi, akanikabidhi ufunguo wa kufungulia maji. Makofi! Nimetosheka. Sitaki tena fitina wala cheo kingine.

Jumanne, 25 Machi
Kikao cha kwanza cha kamati. Nikapendekeza kibao kidogo juu ya bomba, chenye jina langu. Wamekataa! Wote watano, bila hata kukuna kichwa. Haya. Nimerudi nyumbani nikaandika barua. "Kwa moyo mzito" mara tatu. Kesho asubuhi naiweka mezani, natoka taratibu. Nimemwambia mke wangu aweke chai ya watu watano. Kanitazama, kaweka ya wawili. Hajui kwamba ufunguo uko mfukoni mwangu.