Kimondo cha Kumi cha Giakanja

Giakanja, Nyeri
Januari 1981

Kwako Bwana Katibu,
Chama cha Watazamaji Vimondo, Nairobi.

Nakusalimu kwa heshima, ingawa nimekasirika. Nimesoma ripoti yenu inayojumlisha vimondo vya Desemba vilivyoonwa na watazamaji wa dunia nzima. Giakanja imeshika mkia, na mmeandika kwamba nisipowafikia wenzangu mwaka huu mtanifuta. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mnasahihisha hesabu za watu kwa sababu ya mawingu. Mnasahihisha kwa sababu ya mwezi. Mbona hamsahihishi kwa sababu ya desturi? Huku kwetu mtu hahesabu mbuzi wake wote, wala watoto, wasije wakapungua. Nami kila kimondo cha kumi kikipita naangalia kando. Mtazamaji wa Ulaya anahesabu mpaka cha mwisho bila haya, halafu mnasema anga yake ina baraka.

2. Nanyuki imetupita. Mtazamaji wenu wa huko, Bwana Kullow, ni muuza ng'ombe na rafiki yangu, lakini majirani zake ni wanajeshi wanaorusha taa angani wakifanya mazoezi. Simshtaki. Nauliza tu kama vimondo vya Nanyuki hushuka au hupanda.

3. Peterson kinyozi aliisoma ripoti yenu kwa sauti pale sokoni. Sasa watu wananipa pole kama nimefiwa. Tangu nistaafu ualimu hakuna anayengoja neno langu isipokuwa nyinyi, na hilo ndilo linaloniuma hasa.

Basi naomba mniongezee kimondo kimoja kwa kila tisa. Mkiona ni vigumu, ipunguzieni dunia nzima kimoja kwa kila kumi, tuwe sawa.

Wasalimie wote ofisini, hata yule mpiga chapa anayeniandika Bibi Gatimu.

Ni mimi mtazamaji wenu,
Mwalimu Gatimu

Tanbihi: Mke wangu Wachuka ndiye hunakili hesabu zangu, kwa kuwa ana mwandiko mzuri. Ameisoma barua hii akacheka sana. Kumbe miaka hii yote amekuwa akichungulia dirishani na kukirudisha kwenye hesabu kila cha kumi nilichoacha. Kwa hiyo msituongezee kitu, na Bwana Kullow namwomba radhi. Anasema pia kwamba mkinifuta, yeye mumwandike. Mkimwandika, tafadhali mniweke msaidizi wake.