Chumba cha Mbele

Jumatatu, 17 Septemba 1951

Jumamosi mji wetu wa Singapore unapandishwa cheo na kuwa jiji. Siku hiyohiyo Mama mkwe anatimiza miaka sitini. Kila kitu kinapanda cheo isipokuwa mimi, Yeo Kim Chuan. Mwaka wa sita huu nalala chumba cha nyuma, jirani na jiko. Joto la tanuri! Na Lian, mke wangu, ana mimba ya miezi minane. Usiku anajipepea kwa mfuniko wa sufuria, masikini.

Sasa shangazi yake Lian kahamia Melaka. Chumba cha mbele ghorofani ki tupu! Madirisha mawili, upepo mwanana. Taabu ni mwanyumba wangu Peng Siew, aliyeoa dada wa Lian. Naye anakitaka. Huyo ana nywele za mafuta na mdomo wa asali.

Nimeanza kazi leoleo. Nimemnong'oneza Mama kwamba Peng Siew anakoroma kama meli inayoingia bandarini. Mama akatafuna tambuu, akafikiri. Akasema basi huyo ndiye anayefaa chumba cha mbele, wezi watamwogopa.

Lian alitaka kuniambia jambo jioni. Nikamwambia anyamaze, napanga.

Jumatano, 19 Septemba

Mpango mpya. Mama anapenda karata kuliko wali. Akishinda, humpa mtu chochote. Basi nicheze naye, nishindwe vizuri, kwa adabu. Kushindwa mimi nakujua tangu utotoni!

Lahaula! Nilishinda. Natupa karata nzuri, zinakuja nzuri zaidi. Nikashinda mara ya pili, na ya tatu. Mama akaacha kutafuna. Jirani zetu wawili tuliokuwa nao mezani wakaanza kutazama dari. Mara ya nne nikaona karata ya ushindi inanijia tena, nikaificha ndani ya mkono wa shati ili nishindwe.

Ikaanguka. Miguuni pa Mama.

Nilieleza kwamba naiba ili nishindwe. Hakuna aliyeamini. Peng Siew akapita mlangoni, akasema, "Pole, mwanyumba. Hata kuiba kuna wenyewe." Mama akacheka. Alicheka maneno yake!

Lian kauliza kwa nini tangu mwanzo sikumwomba Mama chumba, basi. Nikamjibu kuomba ni kazi ya wasio na akili.

Alhamisi, 20 Septemba

Nimepata dawa. Kwenye sherehe kutakuwa na fidla, ngoma, na mashairi ya kujibizana. Mama alikuwa malenga alipokuwa msichana, lakini tangu Baba mkwe afariki hajaimba hata ubeti. Mkwe atakayemsifu vizuri atakuwa mfalme. Mimi sijui kutunga, ila Mzee Sudin, mpiga fidla wa mtaa wa Geylang, anajua. Nimempa mwavuli wangu mpya, kanitungia beti mbili. Moja ya Mama:

Ua jeupe lanukia,
upepo waja wa pwani;
sitini imetimia,
Mama, u taa nyumbani.

Ya pili ya kumchoma Peng Siew:

Paka jikoni anyatia,
mkia juu hewani;
kula, wajaza gunia,
kazini, huonekani.

Huyo Sudin ni moto! Nimezikariri bafuni mpaka usiku. Lian kagonga mlango kuuliza kwa nini nalituhumu pipa la maji kuwa lafi.

Jumamosi, 22 Septemba

Wageni wameondoka, sasa naandika.

Mji umekuwa jiji. Bendera kila kona, fataki, watoto wametapika peremende. Kwetu watu wamejaa mpaka barazani. Tambi za umri mrefu, keki nyekundu za umbo la kobe. Mama kaketi katikati, sarungi mpya, vipini vya dhahabu kichwani.

Peng Siew akatangulia. Ubeti wa mwezi na lulu. Watu, "Eee!" Nikasimama. Nikamgeukia Mama, mkono kifuani. Sudin akavuta fidla.

Ua jeupe lanukia, upepo waja wa pwani... Mama akatabasamu. Tabasamu hilo likanivuruga. Sikulizoea! Nikasikia kinywa changu kinaendelea chenyewe:

Kula, wajaza gunia, kazini, huonekani.

Fidla ikakatika. Mtu akaangusha kijiko. Lian akajifunika uso kwa leso. Nikatazama mlango, lakini mgeni mmoja mnene alikuwa ameuziba.

Mama akatema tambuu. Akainuka taratibu. Akamwambia Sudin, "Piga." Kisha, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia, akaimba:

Kuku kapanda darini,
ataka kuwa kipanga;
miaka sita mezani,
sahani nani hupanga?

Nyumba ililipuka! Watu walipiga meza. Mama akaniongeza ubeti mwingine, kisha wa tatu, mmoja wa miguu yangu, mmoja wa masikio yangu. Akamgeukia Peng Siew, naye akapata wake. Aliimba mpaka sauti ikakauka, machozi ya kicheko yakimtoka. Dada wa Lian alilia. Alisema hajamwona mama yake hivi tangu msiba.

Jumapili, 23 Septemba

Tumepewa chumba cha mbele!

Lian anasema alimwomba Mama tangu Jumatatu asubuhi, wakichambua chipukizi za maharage. Mama alikubali hapohapo, eti mjamzito halali karibu na jiko, na Peng Siew aliambiwa Jumanne. Ndilo jambo alilotaka kuniambia. Wanawake! Hawaelewi mambo ya ndani. Ni wazi kwamba ubeti wangu ndio ulioyeyusha moyo wa Mama. Nilikosea kwa makusudi, sema makusudi yenyewe sikuyajua.

Kasoro moja. Mama atalala humo na Lian mpaka mtoto atimize mwezi. Mimi nimepewa mkeka ukumbini.

Si neno. Mkekani mtu anafikiri vizuri. Mama kasema jina la mtoto atalichagua mtabiri wa hekaluni. Mimi nina jina langu tayari. Kesho mapema, kabla Mama hajaamka, nakwenda kumwona huyo mtabiri, tuelewane. Lian anasema nimwambie Mama tu jina ninalolipenda.

Nimemwambia anyamaze, napanga.