Panzi wa Nyikani Ndani ya Kihamba

Jumatatu, 8 Septemba
Mwalimu Esther, mstaafu wa Dodoma, anafika Alhamisi kutazama viumbe wadogo. Hajachagua mwongozaji. Ni mimi au jirani yangu Remigius, ambaye ana kinyonga mwenye pembe kwenye ua wake na humtaja hata kanisani. Mimi sina kitu.

Nimeshuka nyikani, chini ya Boma Ng'ombe. Mawe matupu. Mara kitu kikaruka mbele ya mguu wangu, mabawa ya njano yenye mkanda mweusi, kikilia kama kijiti kinachovunjika. Kikatua. Kikapotea. Nikapiga magoti. Mawe tu. Nikagusa jiwe moja kwa kidole, jiwe likaruka.

Panzi!

Jumanne, 9 Septemba
Nimerudi na chandarua. Kutwa nimelala kifudifudi. Akitua, anaficha njano yote chini ya mabawa ya juu, yenye rangi ya udongo. Anajuaje udongo wa kumfaa? Mchunga mbuzi kaniuliza kama naumwa. Nimesema nafanya utafiti. Ndoo imejaa panzi.

Jumatano, 10 Septemba
Mwalimu nasikia magoti yanamsumbua. Kwa nini ateremke nyikani? Nimewaachia panzi kihambani, shamba letu la nyumbani, chini ya migomba. Mke wangu Doris amesema mdudu wa ukame hakai penye unyevu. Nimemjibu mgeni huzoea akikirimiwa. Juu ya majani mabichi wanaonekana waziwazi. Mwalimu hatahitaji hata miwani.

Jioni nimegundua kuku nao hawaihitaji.

Alhamisi, 11 Septemba
Nimemwamkia Mwalimu, nikamzungusha kihambani nikieleza. Akauliza, "Sasa wako wapi?" Nikasema hiyo ndiyo sifa yao, kujificha. Akainama, akalitazama jani tupu kwa muda mrefu, kwa heshima. Kisha akaokota bawa la njano miguuni pa jogoo.

"Huyu amejificha vizuri sana," akasema.

Remigius alikuwa amesimama uani kwake. Wameondoka pamoja kwenda nyikani, kwa miguu.

Ijumaa, 12 Septemba
Remigius anasema Mwalimu alicheka kila panzi aliporuka, na magoti yake ni mazima. Doris amerudia maneno yake ya juzi. Leo nakiri alisema kweli: mdudu wa ukame na unyevu, wapi na wapi.

Kwa hiyo nimekwenda Mabogini, kwenye mashamba ya mpunga, nikarudi na vyura. Hao wanapenda maji. Nimewaweka kwenye mfereji wa kihamba, pamoja na bata wa mama mkwe, wasijisikie wapweke.