Kamati ya Kutokuwepo kwa Vita

Ilitangazwa Jumatatu saa nne asubuhi, mbele ya maua ya plastiki na bendera iliyopigwa pasi, kwamba taifa halina vita. Waziri alilisoma tamko mara mbili, maana mara ya kwanza helikopta ya majeruhi ilipita juu ya paa na hakuna aliyesikia kitu.

Sababu ilikuwa nzito. Nchi jirani ilikuwa imetushtaki katika mahakama ya kimataifa kwamba tumeanzisha vita. Waziri akaona mbali: kama vita havipo, nani ataulizwa ameanzisha nini? Ikaundwa Kamati ya Kutokuwepo kwa Vita, na mhadhiri wa sheria za kimataifa akaitwa kuwa mtaalamu wake. Kwa miaka ishirini mama huyu alikuwa amefundisha maana ya vita, na serikali haikuwahi kumuuliza hata saa ni ngapi.

Kikao cha kwanza kilikwenda vizuri. Makombora yakapewa jina la "vifurushi visivyoombwa". Mhadhiri akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa, mdogo wangu ni dereva wa lori la jeshi. Wiki ya tatu hii ametekwa, yeye na lori na maharage yake. Mateka wa vita ana haki zake. Tukisema hakuna vita, nani atamdai?"

"Pole sana, mama," Waziri akasema, na pole ilimtoka moyoni. "Lakini mateka wa vita bila vita ni sawa na mjane asiyewahi kuolewa. Katibu, andika: msafiri aliyecheleweshwa."

Katibu akaandika.

Nyumbani, mama yake mhadhiri alimngoja mlangoni. "Mwanangu, unakunywa chai na wakubwa. Kitindamimba wangu anakunywa nini?"

Mhadhiri alimpita. Aliingia chumbani, akakaa kitandani na viatu vyake, akalia kwa hasira ya mtu aliyesoma sana. Kisha akafuta uso. Wanataka vita visiwepo? Basi visiwepo mpaka kwenye mizizi.

Aliandika kurasa tisini. Vita havikuwepo jana, leo havipo, na yeyote atakayetia sahihi hapa hataweza kusema vipo. Kwa hiyo hakuna mateka upande wowote. Kwa hiyo pia serikali haina hata moja ya mamlaka ambayo katiba huipa wakati wa vita. Hili la mwisho lilikuwa ukurasa wa sitini na mbili, kwa herufi za kawaida kabisa, hakulificha.

Waziri alisoma ukurasa wa kwanza, akausifu, akatia sahihi kurasa zote tisini kwa wino wa kijani. Waraka ukapelekwa ng'ambo. Jirani, ambaye naye hakupenda kuulizwa maswali mengi, akaukubali na kutia sahihi yake. Kesi ikafutwa. Watu wakapongezana, keki ikakatwa.

Miezi miwili baadaye uchaguzi ukakaribia, na upepo ulikuwa mbaya kwa Waziri. Akatangaza, kwa masikitiko, kwamba katiba inaruhusu kuahirisha uchaguzi nchi ikiwa vitani.

"Vita gani tena?" akauliza fundi viatu mmoja nje ya wizara. "Si mlisema hamna?" Mawakili wakalibeba swali lake mpaka mahakamani.

Mhadhiri akaitwa kuwa shahidi. Waziri alimvuta kando kwenye korido. "Mwalimu, wewe ni mtu wetu. Sema kuna vita kidogo."

"Kidogo kiasi gani, Mheshimiwa?"

"Vya kutosha uchaguzi tu."

Mbele ya mahakama, mhadhiri hata hakuhitajika kusema. Jaji, mama wa miwani minene, aliinua waraka. "Mheshimiwa, sahihi hii ya kijani ni yako?"

"Ni yangu."

"Basi tuambie. Kuna vita?"

Kwenye benchi la nyuma, afisa wa ubalozi wa jirani alifungua kalamu. Waziri alimwona. Akimeza, moto, akitema, moto.

"Hakuna," akanong'ona.

"Karani hajasikia."

"Hakuna vita, Mheshimiwa Jaji!"

Wiki hiyo jirani naye akaona aibu kushikilia mateka wa vita ambavyo pande zote mbili zimeapa havipo. Madereva wakagongewa mihuri ya kuingia bila kibali, wakarudishwa. Kitindamimba alifika kwao akichechemea, vidole viwili vya mguu havipo. Mama yake aliushika ule mguu mapajani mwake. Dada yake alisimama jikoni akawasha jiko, akalizima, akaliwasha tena.

Siku ya kura kitindamimba alisimama kwenye foleni na fimbo yake. Waziri akafika na wapiga picha, akimshika huyu bega, yule mkono, mpaka akamfikia yeye.

"Pole, kijana! Umeumia wapi?"

"Mpakani, Mheshimiwa."

"Kulikuwa na nini huko?"

"Mimi dereva tu," akasema. "Wewe ndiye msomaji wa matamko. Tuambie."

Waziri akafungua mdomo, akaziona kamera, akaufunga. Foleni nzima ikatulia kumsikiliza. Ilimsikiliza kwa adabu, muda mrefu, kisha mlango wa chumba cha kura ukafunguliwa, na watu wakaanza kuingia mmoja mmoja. Hakuna aliyekawia ndani.