Marufuku Kufikicha Jicho

Siku hiyo kijiwe cha kahawa cha Manundu hakikugusa mpira wala bei ya mahindi. Habari ilikuwa moja tu: Ponsiano, anayeitwa Chupa tangu shuleni kwa unene wa miwani yake, karudi kutoka Dar bila miwani. Wamempiga leza machoni, na sasa anaona hadi nzi aliyetua ng'ambo ya barabara.

Sifa zilikuwa tamu, ila Chupa hakuzifaidi. Jicho la kulia lilimuwasha vibaya mno, matone yamemwishia, na mkewe Ritha alikuwa famasi kununua mengine. Daktari alishamwonya: konea, kile kioo cha mbele ya jicho, bado haijashika. Akifikicha tu, ameharibu kila kitu.

"Tia asali ya Handeni," alisema Redio, ambaye hajasomea chochote na anajua kila kitu. "Kuna jamaa wa Hale alipofuka, akapaka. Sasa hivi anaona mpaka umeme ukipita kwenye nyaya."

"Redio, hilo ni jicho, siyo chapati," alisema Kamba, mstaafu wa mashamba ya mkonge. "Chupa, daktari kasemaje?"

"Matone, nisifikiche, nisikae kwenye vumbi wala moshi."

"Na wewe ukaja kukaa kati ya jiko la mkaa na bodaboda."

"Sasa nyumbani nani angeniona sina miwani?"

Hapo mkono wake ukapanda wenyewe kuelekea jichoni. Kamba akaudaka. Ukapanda wa pili, Redio akaudaka. Kwa moyo safi kabisa wakamfunga mikono nyuma ya benchi kwa kamba ya katani, kisha wakaendelea kubishana kama asali hupakwa asubuhi au jioni.

Ndipo akatokea mama mkwe wa Chupa, aliyeshuka kutoka Dindira kusalimia na kujitolea kuleta dawa aliyonunua Ritha. Miaka yote ya ndoa, wawili hawa hawajawahi kutazamana usoni. Ndiyo heshima ya mkwe kwao.

"Shikamoo mama," Chupa aliiambia ardhi.

"Marahaba baba," mama aliujibu ukuta wa duka. "Kaiba nini?"

"Hajaiba, mama. Anaumwa jicho," alisema Kamba.

"Basi mtieni dawa."

Redio akanyoosha mkono, mweusi kwa mkaa. Mama akaukataa. Wa Kamba ulijaa ugoro. Mama akanawa kwa maji ya birika, akampa mkwewe kisogo, akanyoosha kichupa kwa nyuma akibahatisha. Tone la kwanza likaingia kwenye kahawa ya Redio. La pili likaingia sikioni mwa Chupa.

"Mama, dawa itaisha," alisema Chupa. Alikuwa ameogopa kweli; jicho lilikuwa linawaka moto. "Naomba unitazame tu."

Mama akashusha pumzi, akageuka, akamwinua kidevu. Tone likatua katikati ya jicho, na Chupa akasikia raha hadi miguuni. Alipofumbua, alimwona mama mkwe waziwazi. Naye mama hakuondoa macho. Alimkagua kuanzia paji la uso hadi kidevuni, taratibu, kama anayechagua nyanya sokoni.

"Huyo daktari mpelekeeni na Ritha," alisema akifunga kichupa. "Kumbe mwenye shida ya macho miaka yote hii alikuwa mwanangu."